Barua kwa mwanangu: ile picha ya dirisha la dawa

Kwako mwanangu,

Asalaam aleikum. Shikamoo yako ya kwenye simu nimeipokea, marahaba. Huku Tanga hatujambo. Bibi yako mguu umepungua kuvimba, na juzi alitoka mwenyewe mpaka kibarazani kuwagombeza watoto wa jirani, kwa hiyo ujue amepona. Joto limerudi. Umeme unakuja na kuondoka unavyotaka, lakini cherehani yangu ni ya kukanyaga, hainibabaishi.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu utaniambia "sawa mama" hata sijafika katikati. Nataka tuzungumze juu ya ile picha uliyoturushia kwenye grupu la familia.

Picha nimeiona. Nimeikuza mpaka nikaona rangi ya kandambili zake. Yule mwigizaji tunayemtazama kila jioni hapa nyumbani amesimama kwenye foleni ya dirisha la dawa, mtoto kamlaza begani, karatasi ya daktari kaiuma kwa meno kwa sababu mikono yote miwili imembeba mtoto. Wewe umeandika chini yake "Jamani leo nimemwona live!" pamoja na vile vikatuni vya kucheka. Shangazi zako wakaipokea kwa vigelegele. Mjomba wako akauliza mbona amekonda hivyo. Kufika adhuhuri ilikuwa imetoka kwenye grupu letu imeingia la kikoba, na jioni mteja wangu mmoja alikuja kuchukua gauni lake akanionyesha mimi picha iliyopigwa na mwanangu mwenyewe, huku ananong'ona kama nimesikia kuwa mtoto wa yule bwana ana ugonjwa fulani. Akautaja kwa jina. Wewe hukuandika ugonjwa wowote, mama. Ugonjwa ule umezaliwa njiani, mahali fulani kati ya Chumbageni na Makorora.

Kufurahi kwako sina neno nako. Damu ya kukimbilia watu wakubwa umeirithi, hukuiokota Dar es Salaam.

Nilipokuwa shule ya msingi, Mwalimu Nyerere akija Tanga tulitolewa madarasani tukapangwa kando ya barabara tangu asubuhi na vibendera vya karatasi, jua la utosini, tunaimba mpaka koo zinakauka. Gari likapita. Nilichoambulia mimi ni mkono na ncha ya kifimbo, basi. Lakini usiku ule nilisimulia nyumbani mpaka taa ikaishiwa mafuta, na kila niliporudia, Mwalimu alizidi kunitazama mimi peke yangu. Baba yangu alisikiliza yote hakunikatiza. Na yeye angenikatizaje, wakati alikuwa na Shaaban Robert wake?

Hii ya babu yako hukuwahi kuisikia vizuri. Wazee wa Tanga wa rika lake, karibu kila mmoja alikuwa amemwona Shaaban Robert. Si jambo la ajabu, maana alikuwa mwenyeji, kazaliwa Vibambani mwaka 1909, kafariki 1962, na riziki yake aliitafuta kwenye ofisi za serikali kama makarani wengine. Tangu 1926 mpaka 1944 alikuwa karani wa forodha, na Pangani alifanya kazi. Vita ilipokwisha akawa ofisi ya wilaya hapa Tanga, kisha tangu 1952 mpaka 1960 ofisi ya upimaji ardhi. Hebu fikiri watu waliosimama mbele ya meza yake miaka yote hiyo. Huyu ana ugomvi wa mpaka wa kiwanja, yule amenuna kaambiwa arudi kesho. Wamemwona kweli. Ila macho yao yalikuwa kwenye muhuri. Ndani ya kichwa cha yule karani kulikuwa na mashairi ambayo wajukuu wao wangeyakariri darasani, na wao wanaomba tu awahishe faili.

Babu yako ukimbana vizuri alikiri kuwa alichoona ni mwanamume mwenye kofia ya viua anatoka mlangoni, na akaja kuambiwa miaka mingi baadaye kuwa ndiye. Mwanamume gani wa Tanga wakati huo hakuvaa kofia? Lakini aliisimulia mpaka anaingia kaburini, na kwenye matanga yake mzee mwenziwe mmoja akaisimulia upya, safari hii wakiwa wawili mlangoni.

Enzi zangu mambo yalikuwa ya sauti. Televisheni huku Bara imekuja 1994, nimeshaolewa. Kabla ya hapo tulikuwa na redio, na waimbaji wa Black Star na Lucky Star, vilabu vyetu vya hapahapa Tanga vilivyoyaingiza magitaa kwenye taarabu, tuliwajua kwa makoo yao. Sauti ya Shakila, binti wa Pangani, ilikuwa inaingia nyumba zote mtaani kwa wakati mmoja, unatembea kutoka barabara hii mpaka ile na wimbo haukatiki. Uso wake nilikuja kuujua ukubwani. Mtu wa namna hiyo ungeweza kukaa naye kiti kimoja kwenye basi mpaka mwisho wa safari, akashuka na kapu lake, usijue.

Sasa nikuambie ya kwangu. Hii sijakusimulia, na utaona kwa nini.

Nilikuwa najifunza ufundi kwa bi mkubwa mmoja Ngamiani, miaka ya 80 mwishoni. Asubuhi moja akaja mwanamke kwa baiskeli, baibui kalikunja likakaa vizuri asinaswe na mnyororo, kwenye kikapu cha mbele ana lesi ya buluu imefungwa kwenye gazeti. Mtu wa makamo, mwili wa wastani, jino moja la pembeni hana. Akasalimia kwa kichwa tu. Bi mkubwa akanipa futi, nikaanza: bega, kifua, kiuno, nyonga. Nafika kwenye mkono, akafungua kinywa.

"Hapa kwapani usinibane, mwanangu. Nikiinua mkono kupokea tuzo nataka nguo ibaki chini."

Mwanangu, futi ilinidondoka. Sauti ile nilikuwa naijua kabla sijajua kusoma. Uso sijawahi kuuona, lakini sauti ni ileile, hata pale inapokwama kidogo kabla ya neno la mwisho. Nikamtazama bi mkubwa. Bi mkubwa akanitazama na yale macho yake, akasema: "Okota futi. Mkono urefu gani?"

Nikaokota. Nikapima. Kwapani nikaongeza kipande cha pembe nne ili mkono upande bila kuivuta nguo, na mpaka leo kila gauni la mwimbaji nalikata hivyo. Yule mama akakaa mkekani kungoja chai, akaanza kulalamika. Sukari haipatikani. Sabuni ya kufulia imepanda. Mtoto wake wa mwisho hataki shule. Sauti iliyokuwa inawaliza watu Mombasa na Unguja ilikuwa inatueleza jinsi alivyouziwa dagaa wenye mchanga. Sisi tunaitikia, "Pole bibi," "Maisha haya," na vyerehani vinalia. Hakuna aliyemwambia "hebu tuimbie kidogo." Bi mkubwa akamtoza bei ileile ya mteja yeyote, hakumzidishia wala hakumpunguzia.

Jambo ambalo sijalisahau ni daftari. Vipimo vya kila mteja tuliviandika kwa jina. Vya yule mama, bi mkubwa alinishika kalamu mkononi akaniambia niandike "Lesi Buluu." Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, "Daftari hili linakaa mezani, na mji huu una macho. Unataka kesho watu wajue nyonga ya mtu inchi ngapi?" Yule mama alikuja kwetu mpaka alipohama. Siku moja alisema mwenyewe, bila kuulizwa, kuwa kwa fundi wake wa zamani alikuwa hapimwi kabla hajaimba ubeti mmoja, hata akiwa na mafua. Ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Daftari ninalo. Jina sikutajii wala wewe.

Wako watu maarufu wanaopenda kutambuliwa, sikatai. Mwaka 1988 Coastal Union walipochukua ubingwa wa nchi, mji mzima ulikuwa kama umeolewa. Kulikuwa na mchezaji mmoja alikuwa analeta suruali zake kwetu zipunguzwe miguu, na huyo ukimwacha apite bila kumwita jina ananuna. Watoto walikuwa wanajazana dirishani mpaka tunakosa mwanga wa kutunga uzi, naye anawageukia, anawaonyesha alivyopiga krosi, anaangusha kigae changu cha pini. Tukamfurahia kweli. Ila wiki wakifungwa Mkwakwani humwoni. Suruali anamtuma mdogo wake azifuate, tena jioni, tena kwa njia ya nyuma. Mtu ni yeye yule, mtaa ni uleule. Kwa hiyo usiniambie "mama, wale wamezoea." Nimewaona wakizoea na nimewaona wakichoka.

Sasa turudi kwenye dirisha lile. Umeniambia hukufanya ubaya, ulifurahi tu, na kwamba hata sisi wazee tunasimulia. Ni kweli tunasimulia, tena kwa chumvi. Lakini tazama vizuri hizo hadithi zetu. Mkono wa Nyerere nilioukuza mimi haukumpunguzia Nyerere kitu. Kofia ya babu yako ilimhusu babu yako. Shaaban Robert hakuwemo hata kidogo, huenda wakati ule alikuwa nyumbani kwake anakula wali. Hadithi ya mdomo msikilizaji anaiamini nusu, nusu nyingine anamwachia msimuliaji. Anajua ni wewe unayejipamba. Picha haimwachii mtu nafasi hiyo. Ile ni kweli tupu, ni yeye, ni mtoto wake, ni bega lake limelowa jasho la homa, na imefika kwa watu ambao wewe huwajui wala yeye hawajui. Mtu kwenda kumtafutia mwanawe dawa akarudi nyumbani na kuulizwa ugonjwa ambao mtoto hana!

Mdogo wako ananiambia hata sheria ipo, ya ulinzi wa taarifa binafsi, ya mwaka 2022. Kaniletea kwenye simu nikaisoma mistari michache, miwani ikanishinda. Bi mkubwa wa Ngamiani hakuwahi kuisikia sheria hiyo, na daftari lake lilikuwa salama.

Nimeitazama tena picha yako kabla sijakaa kuandika, na kitu kinachonirudia ni ile karatasi mdomoni. Foleni ndefu, watu mbele na nyuma, na wewe ulikuwa karibu kiasi cha kuona meno. Ungenyoosha mkono. "Shikamoo kaka, nikushikie hiyo." Angekupa. Mngefika dirishani pamoja, pengine angekuuliza unatoka wapi, ungemwambia Tanga, angetania kama watu wote wanavyotutania sisi wa waja leo waondoka leo. Halafu ungenipigia usiku, na ningekaa macho mpaka saa sita kukusikiliza, hata ungetia chumvi.

Ninachotaka ufanye ni hiki. Ifute kwako, uifute na kwenye grupu, na uandike mwenyewe pale kuwa habari ya ugonjwa hukuisema na huijui. Shangazi zako niachie mimi, na wa kikoba nitawakuta Jumamosi. Kama Mungu akikukutanisha naye tena sehemu ya furaha, kwenye shoo au harusini, muombe picha mbele ya uso wake. Akikubali uturushie hata kumi, nitakuwa wa kwanza kuionyesha dukani. Akikataa, mpe mkono upite.

Jingine, mama. Nina bibi harusi wa Raskazoni, nguo inatakiwa baada ya Idi, na lesi ya hapa sijairidhia. Kariakoo utanitafutia mita tano ya rangi ya maziwa, si nyeupe, iwe na pindo pande zote mbili, na zipu mbili za kuficha za inchi ishirini na mbili. Kata kipande kidogo cha lesi upige picha juani uniletee nione rangi kabla hujalipa. Pesa nitakutumia Ijumaa kwa simu. Vifunge kwenye mfuko mweusi umpe dereva wa basi, uniandikie namba ya gari, nitaipokea stendi mwenyewe.

Bibi yako anakusalimu sana, anauliza yule mwigizaji kwenye tamthilia atamwoa yule msichana au hamwoi. Nimemwambia nitakuuliza.

Wasalaam,
Mama yako