Walimu wapya, Verwoerd naye alianza na chaki

Wanangu mnaosubiri kupangiwa vituo, marahaba.

Juzi nimeona mnabishana, mmoja wenu anasema ubaguzi wa Afrika Kusini uliletwa na makaburu wasiosoma, wakulima wa ndevu na bunduki. Hapana jamani. Aliyeupanga kuliko wote alikuwa profesa.

Hendrik Verwoerd hata hakuzaliwa Afrika, kazaliwa Amsterdam 1901, wazazi wakahamia Cape akiwa na miaka 2, akaja kusoma Brandfort kule Free State, halafu Stellenbosch, udaktari wa saikolojia mwaka 1924, akapita Ujerumani kidogo kisha akarudi Stellenbosch kufundisha. Kichwa kweli kweli, hilo siwezi kumnyima.

Sasa hapa ndipo penye lenu. Miaka ile makaburu maskini walikuwa wengi mno, mashamba yamewaponyoka, wanazurura mijini hawana kazi, basi 1934 ukaitishwa mkutano mkubwa Kimberley kujadili hilo na Verwoerd akawa mmoja wa waliosikilizwa sana. Akasema hawa watu wanainulika, wapeni elimu, wapeni kazi, serikali ibebe jukumu. Yaani alijua vizuri kabisa mtu akipewa nafasi anabadilika. Alijua!

1937 akaacha uprofesa akawa mhariri wa gazeti la Die Transvaler, chama chake cha National kikashika nchi 1948, na 1950 akapewa wizara ya masuala ya Waafrika. Sheria ya elimu ikaja 1953. Shule nyingi za watoto weusi zilikuwa za wamisheni, serikali ikazichukua, waliogoma wakakatiwa ruzuku. Huyu huyu wa Kimberley akauliza bungeni mtoto mweusi afundishwe hesabu za nini wakati hatazitumia. Madarasa ya chini yakawekwa zamu mbili, kila zamu masaa matatu basi, mchango wa serikali ukafungwa kwenye pauni milioni 6.5 kwa mwaka hata watoto waongezeke vipi, kinachopungua kitoke kwenye kodi za Waafrika wenyewe.

Na wala hakuwa mtu wa kufoka. Zile filamu za zamani zipo, anaongea taratibu, anatabasamu, eti siasa yake ni ya ujirani mwema tu.

Mengine mnayajua, waziri mkuu 1958, Sharpeville Machi 1960 polisi wakaua watu 69 kwenye maandamano ya Waafrika, mwezi uliofuata mkulima mzungu akampiga Verwoerd risasi akapona, 1961 akaitoa nchi Jumuiya ya Madola (Nyerere alishaandika kwamba Tanganyika haitakaa humo pamoja nao), na Septemba 1966 mhudumu wa bunge, Dimitri Tsafendas, akamchoma kisu humo humo bungeni.

Kazikwa yeye, elimu yake ikabaki. Soweto 1976 wanafunzi waliandamana kwa kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, lugha ya makaburu, polisi wakawapiga risasi, na ajabu ni kwamba makaburu wenyewe baada ya vita na Waingereza watoto wao walikuwa wanaadhibiwa shuleni kwa kuongea lugha ya kwao. Waliokimbia risasi wengine walifika hapa kwetu Morogoro, ANC, chama chao cha ukombozi, wakajenga shule Mazimbu. Mwalimu mmoja wa pale alikuwa ananisimulia, kijana ana ndevu zake, jioni anakuchambulia siasa ya dunia mpaka unakaa kimya, asubuhi kwenye kujumlisha sehemu, nusu na theluthi, jasho linamtoka. Hakuwa mjinga yule. Mtu alishaamua kabla hajazaliwa kwamba hazimhusu.

Mtapangwa mbali, wengine barabara hakuna, na ofisi ya walimu mtamkuta mkongwe mmoja na chai yake anakwambia usijichoshe, hawa watachunga, hawa wataolewa, aljebra ya nini. Hiyo ni hotuba ya Verwoerd, imekosa suti tu. Msibishane naye, mtamaliza muhula mzima. Chukua chaki nenda ukawafundishe hiyo aljebra kama ambavyo ungemfundisha mtoto wa dada yako anayesoma mjini.

Na Juni 16 ikifika, Siku ya Mtoto wa Afrika, msiishie kwenye ngoma na soda na mgeni rasmi aliyechelewa, maana siku hiyo imewekwa kwa ajili ya wale wale wa Soweto. Waambieni watoto walikuwa wanagomea nini, na nani aliianza ile elimu, na kwamba alikuwa profesa.

Babu yenu, mwalimu mstaafu,
Morogoro