Béa, njoo utuamulie nzango

Lubumbashi, Katuba, 9 Novemba 2025

Béa ndugu yangu,

Jambo sana. Jambo kwa Baba Christian, jambo kwa watoto, jambo kwa bibi kama angali anakaa pale barzani na redio yake. Sisi huku tuko, Mungu anasaidia. Mvua imeanza kweli. Jana usiku inswa, wale kumbikumbi, zilijaa nyumbani mpaka tukazima taa zote, na leo asubuhi Papy na wenzake wamekaanga sufuria nzima wakaimaliza kabla sijaonja.

Najua barua ni deni langu. Tangu kilio cha mama yako hatujasemezana sawasawa. Yale maneno mawili matatu ya kwenye simu siyahesabu. Nilifika siku ya kuzika, kisha sikurudi kumaliza kilio pamoja nawe, na jambo hilo linanilemea hadi leo. Nisamehe, Béa. Sababu nitakueleza tukikaa wawili.

Sasa nisikilize, maana nina shida na nimeona hakuna mwingine wa kumwambia. Jumamosi tarehe 29 Nadège anatimiza miaka 12. Tunafanya feti ya kuzaliwa kwake hapa lupangoni, uani kwetu, saa nane mchana mpaka saa kumi na moja na nusu, ili kila mtoto afike kwao kabla ya giza. Chakula hakinisumbui: vitumbula nitakaanga mwenyewe, munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, Mama Keren ameshaahidi bidoni mbili, gato, yaani keki, tutanunua. Kinachoniondolea usingizi ni michezo.

Mwaka jana hukuwepo. Niliweka ile michezo ya kila feti: viti katikati, muziki, muziki ukinyamaza wote wakae, asiyepata kiti atoke. Wasichana walikuwa kumi na tano. Baada ya dakika kumi, wanne walikuwa wanacheza, na kumi na mmoja wamejipanga ukutani kama watu wanaongojea daktari, kila mmoja anaangalia simu au kucha zake. Aliyetoka wa kwanza alikuwa Merveille, yule mdogo wa kimo. Nilimkuta nyuma ya jiko analia, eti ameumwa na mdudu. Kiti cha mwisho wakakigombania wawili mpaka mguu ukavunjika, na kilikuwa cha kukodi. Kisha umeme ukakatika, muziki ukafa, tukala gato kimya. Usiku Nadège akaniambia polepole, wala hakukasirika: "Mama, mwaka ujao tusifanye." Béa, ningependa angenipigia kelele.

Nimelifikiria jambo hilo mwaka mzima. Mtoto wa miaka sita ukimtoa kwenye mchezo, anasahau ukimpa kitumbula. Huyu wa kumi na mbili hasahau. Yuko katikati, si mtoto, si msichana mkubwa. Anataka kucheka sana lakini anaogopa mno kuchekwa. Msimamishe peke yake mbele ya wenzake, atakuwa jiwe. Mweke na wenzake watatu, wakiwa wameshikana mikono, watafanya hata mambo ambayo hukuyaomba. Basi sheria yangu ya mwaka huu ni moja tu: hakuna anayetolewa. Mchezo wowote unaomkalisha mtoto ukutani hauingii langoni kwangu.

Ndipo nikakumbuka nzango, ule mchezo wetu wa kuruka na kutoa mguu, na nikakukumbuka wewe.

Ngoja kwanza nikueleze kuhusu Nsimire, kwa sababu yeye ndiye aliyenifumbua macho. Ni mtoto wa Bukavu. Walikuja mwaka huu, baada ya vita kufika kwao mwezi wa pili, na anakaa kwa mjomba wake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Anasoma darasa moja na Nadège, la saba. Wenzake wanamcheka kwa maneno yake. Yeye akiita ugali bugali, wao wanajibu "bukari!" darasa zima. Akielezea sambaza za ziwa la kwao, wanamwuliza kama ni samaki au ni dawa. Si watoto wabaya, unawajua watoto, lakini yeye alikuwa ameanza kunyamaza. Nadège alipompa habari ya feti, akasema hatakuja. Nilimwita mimi mwenyewe, nikamkalisha, nikampa chai. Ilichukua muda. Mwishoni akasema: "Mama, sina zawadi."

Usiku ule nilikata shauri. Zawadi zimefutwa. Kila msichana atalipa kiingilio cha mchezo mmoja: mchezo wa kwao, wa bibi yake, wa kijijini kwa mama yake, wowote anaoujua, na atatufundisha sisi wote. Nilipomwambia Nsimire, aliniangalia tu, halafu akauliza kama lastiki inakubaliwa. Nikamwambia inakubaliwa. Béa, ungemwona! Alifunga lastiki kwenye vifundo vya Nadège na kwenye mguu wa meza, akaanza kuruka, vifundoni, magotini, kiunoni, na mdomo unahesabu bila kukosea. Nadège aliyekuwa amesimama pale kama mti akasahau kwamba yeye ndiye mshika lastiki, akaanza kupiga makofi, lastiki ikaanguka. Wameruka mpaka mjomba akaja kumwita kula.

Kwa hiyo hilo limetulia. Lakini siwezi kutegemea watoto kumi na wanne walete michezo kumi na minne mizuri, lazima niwe na yangu akiba. Nimepanga hivi.

Viti tumeviacha, tunatumia mikeka mitano. Tutapiga bidoni tupu kama ngoma, na mpigaji ataangalia ukuta, kwa hiyo umeme ukate usikate. Ngoma ikinyamaza, wote wanapanda kwenye mikeka. Kila mara ninaondoa mkeka, lakini siondoi mtoto. Mwisho wasichana wote kumi na wanne lazima wajibane kwenye mkeka mmoja, asiguse mtu chini. Nilijaribu na Papy na watoto wa jirani, wakaanguka wote kama mahindi yanayomwagwa, wakaomba turudie.

Kuna na kutafuta gato. Makundi matatu, vituo vitano: kinu, mbabula (jiko la makaa), pipa la mvua, mwembe, banda la kuku. Kila kundi linapita vituo hivyohivyo lakini kwa mpangilio wake, wasifuatane kama mbuzi. Kila kituo kina fumbo la kuwapeleka kituo kingine. La mbabula nimeandika, "Ninakula nyeusi, ninatapika kijivu." La pipa, "Mbingu ikilia, mimi ninashiba." Na kila kundi linapata kipande kimoja tu cha karatasi ya mwisho, vipande vitatu visipounganishwa, gato haipatikani. Hapo ndipo ninapotaka wafike: kundi lililomaliza mapema lirudi kuwasaidia wengine, maana njaa inawalazimisha. Fumbo la banda la kuku limeliwa na kuku wakati wa majaribio, nitalifunga juu kwa waya.

Kisha mchezo wa vikwembe, yaani vitenge. Kila kundi vikwembe viwili, dakika kumi, bila pini, bila uzi, wamvishe mwenzao mmoja nguo ya kwenda arusini. Wanatoka wote pamoja, makofi kwa wote.

Hapo ndipo tulipokosana na shangazi yake Nadège. Unamjua. Yeye anataka tuwe na Miss: watoto wapite mmoja mmoja, majaji watatu, taji. Na anataka msimamizi wa muziki wa kulipwa. Nilimwambia hapana, akasema ninamnyima mtoto raha. Nikamwambia ninamnyima mtoto aibu. Msichana wa miaka 12 tayari anajipima kwenye kioo kila asubuhi, mwingine ameanza kuota matiti na anakunja mabega kuyaficha, mwingine hajaanza na anajiuliza kwa nini, na mimi niwaite nyumbani kwangu ili watu wazima wawape namba? Sitafanya. Ameondoka bila kuaga, na Baba Nadège anasema niwape muziki tu, watacheza wenyewe. Wanaume huona feti ni spika.

Nadège na Keren wao wanadai mpira. Tangu wasichana wa Mazembe walipochukua kombe la Afrika kule Moroko, Novemba mwaka jana, hakuna anayetaka kusikia kitu kingine. Lakini lupango letu unalijua, na dirisha la Mzee Kabamba liko palepale lilipo.

Turudi kwenye nzango. Ndiyo kiini cha barua hii. Nilipokuwa ninatafuta mchezo usiomtoa mtu, niliuona mbele ya macho yangu: mistari miwili, mnatazamana, wawili wanaingia katikati, makofi, wimbo, ruka, ruka, na mguu unatoka. Ukishindwa hutolewi. Unarudi mwisho wa mstari wako, unaimba, unapiga makofi, na zamu yako itafika tena. Hata asiyejua kuruka ana kazi, kwa sababu mstari usioimba unashindwa. Sisi tulicheza hivyo miaka yote ya Kiro, chama cha vijana wa kanisa, na wala hatukujua kwamba ni busara.

Unakumbuka mwaka 2015, walipoiingiza nzango kwenye Michezo ya Afrika kule Brazzaville? Wachezaji kumi na mmoja kila upande, muamuzi, jezi. Ulinipigia simu unapiga kelele: "Wameona! Sasa wameona!" Nilikuwa ninamnyonyesha Nadège, akashtuka akalia.

Basi juzi nikawafundisha wasichana sita hapa nyumbani, na mambo yakaharibika dakika ya tano. Nikawaambia, upande huu unashinda miguu ikiwa sawa, upande ule ikiwa tofauti. Keren akatoa kulia, Nadège kulia. Nikasema sawa. Keren akakataa: kwa vile tunatazamana, mguu wangu wa kulia unaelekea kushoto kwake, basi kulia kwa kulia ni kupishana, ni tofauti! Akachora na chini kwa kijiti. Na mwenzake akaunga mkono. Nikabaki nimeduwaa. Mimi ninakumbuka kwamba sisi tulihesabu jina la mguu, kulia kwa kulia ni sawa hata kama inapishana hewani. Au siyo? Wewe ndiye uliyekuwa unaamua, na hakuna aliyekubishia, hata wale wa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, walipokuja na vifua vyao. Mimi niliamua juzi, wakanibishia wote sita, upande ulioshinda na ulioshindwa.

Na nyimbo zimenitoka. Midundo ninayo kwenye miguu, maneno yamepotea. Ule wa kuingilia ninakumbuka nusu, ule wa kumchokoza mpinzani ninakumbuka mama yako akitufukuza na mwiko kwa sababu yake. Mama yako, Béa. Nilipokuwa ninajaribu kuuimba juzi nilimwona kabisa, kitambaa kichwani, anajifanya amekasirika na huku midomo inacheka. Nilitaka kukwambia hilo siku ya kilio, sikupata nafasi.

Ombi langu ni hili: njoo. Likasi si Ulaya, ni kilomita mia moja na ishirini tu. Panda basi Ijumaa, utalala hapa, Jumamosi utasimama katikati ya mistari miwili na sauti yako ileile, Jumapili tutakwenda misa na tutakaa kwa ajili ya yale mengine niliyosema siyaandiki. Nsimire nimemweka mstari wa Keren makusudi, ili wale waliokuwa wanamcheka waimbe jina lake akiingia.

Mvua ikinyesha, barza inabeba mistari ya watu saba kwa saba, nimepima kwa hatua. Simu zote zitaingia ndani ya kitunga mlangoni, hata yako, na za wazazi watakaokuja kuchukua watoto.

Nijibu upesi basi. Kulia kwa kulia ni sawa au tofauti? Aliyeshinda anabaki katikati kungojea mpinzani wa pili, au naye anarudi kwenye mstari? Tulikuwa tunacheza mpaka alama ngapi? Ule wimbo wa kuingilia unaanzaje, na unaweza kunitumia kwa sauti kwenye simu kabla hujafika, ili niwazoeze? Christine wako ana miaka kumi na mmoja sasa, si ndiyo? Utakuja naye? Anajua mchezo gani wa kulipia kiingilio? Magoti yako je, bado yanauma wakati wa mvua, au utaamua umekaa? Na bibi, angali anakumbuka ule mchezo wa mawe aliokuwa anatufundisha, wa kurusha moja juu na kuzoa mengine? Mwulize taratibu, uandike kila anachosema.

Kitanda cha pembeni ya dirisha nimeshakitandika.

Ni mimi,
Mama Nadège