Leza ya macho haina mwanga wa kasi zaidi

Mhariri, salaam toka huku Mtwara. Ile makala yenu ya leza ya kutibu macho nimeisoma, nzuri tu, ila pale mlipoandika kwamba inatumia mwanga unaokimbia kuliko mwanga wa kawaida, jamani hapana, hapo mmetuharibia, maana mie nafundisha fizikia na wanafunzi wamenijia na gazeti mkononi wananibishia. Mwanga ni ule ule na kasi ni ile ile, kilicho kifupi ni mpigo wenyewe, yaani leza inawaka na kuzima ndani ya muda mdogo ajabu unaohesabiwa kwa femtosekunde. Chukua sekunde moja ugawe vipande bilioni, halafu kila kipande ukigawe tena milioni, hiyo ndo femtosekunde. Kwa femtosekunde 10 mwanga unasogea maikromita 3 tu, hata unene wa unywele haujaumaliza.

Sasa utamu wenyewe mmeuacha. Mpigo mfupi hivyo hauwezi kuwa wa rangi moja, lazima ubebe rangi nyingi pamoja, na zikiingia kwenye kioo haziendi sawa, za upande wa nyekundu zinatangulia za upande wa bluu zinabaki nyuma. Kama vijana wa jogingi wanaotoka Mikindani wamebanana kundi moja, wakifika mjini wa mbele keshakaa anakunywa maji, wa mwisho hata haonekani. Mpigo wa femtosekunde 10, ule wenye urefu wa wimbi wa nanomita 800, upitishe kwenye kioo safi cha silika cha sentimita 1 tu, upande wa pili unatoka na kama femtosekunde 100! Nishati haijapotea ila imetawanyika, nguvu ya kileleni imeshuka karibu mara kumi, na kila lenzi iliyoko njiani inaongeza yake.

Dawa yake ndo inayonifurahisha, ni prizimu, vile vipande vya kioo vya pembetatu, hizi hizi tunazoonyeshea rangi za upinde wa mvua halafu tunazirudisha kabatini. Mwaka 1984 wanasayansi Fork, Martinez na Gordon walionyesha kwamba ukiweka prizimu mbili kwa kuachana, ya kwanza inatawanya rangi, ya pili inazinyoosha ziende sambamba, na hapo zile za nyekundu zinapitishwa kwenye kioo kinene wakati za bluu zinapita karibu na ncha, kwa hiyo aliyetangulia anacheleweshwa, aliyechelewa anamfikia. Unaweka kioo cha kujitazamia mwishoni, mwanga unarudi njia ile ile, rangi zinatoka zimekutana tena. Siku hizi kuna na vioo vya kuakisi vya tabaka nyingi vinavyofanya kazi hiyo bila prizimu, lakini hivyo darasani huku hatuvipati.

Na kuna waliotawanya makusudi. Wanafizikia Donna Strickland na Gérard Mourou, mwaka 1985 kule Rochester, Marekani, waliupitisha mpigo kwenye faiba, yaani uzi wa kioo, ndefu ya kilomita 1.4 ili ulegee, wakaukuza ukiwa umelegea hivyo usije ukaunguza mitambo, halafu ndo wakaubana upya ukawa na nguvu za kutisha. Wakapata Nobel mwaka 2018, na njia hiyo imesaidia hata hizo leza za macho mlizoandika, maana mpigo ukiwa mfupi unakata pale pale, joto halipati muda wa kusambaa kwenye nyama ya pembeni. Na kabla yao kuna Mwafrika mwenzetu Ahmed Zewail, Mmisri, alipata Nobel ya kemia mwaka 1999 kwa kutumia mipigo hii kuangalia molekuli zikiachana, huyo nilitegemea angalau mumtaje.

Ombi langu dogo tu Mhariri, sahihisheni hiyo kasi, na mkiweza mtuchoree hizo prizimu mbili na njia za rangi, hata robo ukurasa, iwe kubwa ya kubandika ukutani. Darasani kwetu wengi hawana intaneti lakini gazeti linafika, likichelewa sana ni kesho yake.

Mwalimu wa fizikia, Mtwara