Heri ya Krismasi kutoka Moshi, na salamu kwa walimu wa chumba kimoja

Ndugu zangu wana wa mlimani, mliokwisha kufika na mlio bado njiani, heri ya Krismasi! Nanyi mliobaki Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na Mbeya kwa sababu ya zamu za kazi, au kwa sababu nauli za wiki hii hazishikiki, salamu hizi ni zenu pia. Msijione wapweke. Mbuzi ataliwa kwa niaba yenu.

Moshi imeshajaa. Kiborloni hapapitiki, stendi watu wamekaa juu ya mabegi, na haisi za kupanda Marangu, Kibosho na Machame zinaondoka zimeinama upande mmoja kwa mizigo: mchele, mafuta, kreti za soda, na kila mara jogoo mmoja ambaye hakuna abiria anayekubali kuwa ni wake. Vuli imetuachia tope la kutosha huko juu, kwa hiyo mwenye gari la chini aliegeshe barabara kuu mapema, asije kutuamsha usiku tukasukume. Kahawa za mwisho mwisho zinaanikwa. Watoto wa darasa la saba nao wanashikiana simu, wanatafuta majina yao kwenye orodha ya kidato cha kwanza, na wazazi wanatafuta namna ya kuivuka Januari.

Watani zetu husema Wachaga tunarudi Desemba kuhesabiwa. Utani huo siuchukii hata kidogo. Luka anasimulia kwamba Yusufu naye alitoka Nazareti akapanda kwenda Bethlehemu, mji wa ukoo wake, kuandikwa. Kwa hiyo mtangulizi tunaye, tena mwenye heshima zake. Tofauti ni kwamba yeye alikosa nafasi kwenye nyumba ya wageni, na sisi tunagombania vitanda na watoto wa shangazi.

Sasa, kwa kuwa tumekuja kuhesabiwa, mwaka huu nina watu wangu ambao naomba tuwaweke kwenye hesabu. Ni walimu wa zile shule za chumba kimoja zilizokuwa zimetapakaa mlima mzima, pembeni ya kila kanisa dogo.

Wengi wenu mnalijua jengo ninalolisema pale mtaani kwetu, upande wa Vunjo. Kuta za mawe yaliyoshikwa kwa udongo, bati limeshika kutu, mlango mmoja, madirisha mawili kila upande. Siku hizi tunaliita stoo. Ndani kuna masufuria ya shughuli, viti vya plastiki na turubai lenye matundu ambalo hakuna mwenye moyo wa kulitupa. Mkisogeza viti vile mtaona ukutani mstatili mweusi. Huo ndio uliokuwa ubao. Haukuwa wa mbao. Ni ukuta uliosawazishwa ukapakwa weusi wa mkaa na betri kuukuu za tochi zilizosagwa, na kila muhula ulipakwa upya kwa sababu chaki iliula. Upande wa kushoto wa ubao, kwenye kimo cha bega la mtoto wa miaka saba au minane, ukuta umelika hadi umekuwa laini. Pale waliegemea waliokuwa wanasubiri zamu ya kuitwa mbele kusoma. Vizazi kadhaa vya mabega.

Elimu ya darasani iliupanda mlima huu pamoja na misheni. Waanglikana wa CMS, chama cha misheni cha Uingereza, walikuja Old Moshi mwaka 1885 wakati wa Mangi (yaani chifu) Rindi, wakaondoka 1892, mwaka ule ule ambao Mangi Meli alipigana na Wajerumani. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu wakaanza Kilema mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1890, kisha Kibosho mwaka 1893. Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka huo huo wa 1893, Mamba 1894, Old Moshi 1896. Kwa ndugu zetu wa upande wa Arusha mambo yalianza kwa damu: wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa Meru mwaka 1896, na vituo vya Nkoaranga na Ilboru vikaja baadaye, 1902 na 1904. Damu ya upande wetu nayo isisahaulike. Mangi Meli na viongozi wenzake walinyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na kengele za shule zikaendelea kulia katika nchi hiyo hiyo, chini ya bendera hiyo hiyo ya Wajerumani. Sioni sababu ya kuisimulia habari ya shule kana kwamba hilo halikutokea.

Lakini vituo vya misheni vilikuwa vichache, na anayeujua mlima wetu anajua maana yake. Kijiji na kijiji mnasikiana mkiitana, ila katikati kuna korongo, na mwezi wa nne mto ukijaa mtoto havuki. Ndiyo maana shule ndogo zikazaliwa kila mtaa. Misheni ilitoa mwalimu na vibao vya sleti. Kiwanja, mawe, udongo, majani ya kuezekea na nguvu za kubeba vyote hivyo vilitoka kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani. Siku za juma lile jengo lilikuwa shule, Jumapili likawa kanisa, na mara nyingi aliyeshika chaki Ijumaa ndiye aliyeongoza sala Jumapili. Walutheri wakamwita mwinjilisti, Wakatoliki wakamwita katekista, watoto wakamwita Mwalimu, na jina hilo la tatu ndilo alilozikwa nalo.

Mwalimu mmoja aliwafundishaje wote hao chumba kimoja? Wazee waliopita humo wakikaa na kikombe cha mbege, pombe yetu ya ndizi, wanaeleza vizuri kuliko kitabu. Mstari wa mbele, chini kabisa, wadogo wanachora herufi kwa kidole kwenye udongo. Nyuma yao wenye sleti, wanaandika, wanafuta kwa mate na kiwiko, wanaandika tena. Nyuma kabisa, kwenye magogo, wakubwa wanaosoma kwa sauti. Mwalimu akiwa na wakubwa, mkubwa mmoja ameshatumwa kuwasimamia wadogo. Hesabu za kuzidisha ziliimbwa, na wimbo ukishika kasi mama aliyekuwa anapalilia ng'ambo ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, alijua mbili mara saba bila kuwahi kukanyaga darasa. Kengele ilikuwa kipande cha chuma kimening'inizwa mtini. Mtoto alikuja na kuni au na kibuyu cha maji, na masomo yalikwisha mapema kwa sababu mbuzi nao walikuwa wanamsubiri. Walutheri walianza kwa Kichaga, Kiswahili kikafuata. Wakatoliki walikumbatia Kiswahili mapema zaidi, na mpaka leo kuna wazee wanabishana nani alifanya vizuri.

Kuhusu ubishi, niseme jambo ambalo mimbarini halisemwi sana. Sehemu kubwa ya shule za mlima huu tumezipata kwa ushindani. Walutheri wakijenga huku, mwaka unaofuata Wakatoliki wanajenga ng'ambo ya korongo, na hakuna aliyetaka watoto wake wavuke kwenda kusoma kwa wenzao wasije wakarudi na rozari, au wasije wakarudi bila rozari. Ukijumlisha na fedha ya kahawa, hasa baada ya wakulima kuunda chama chao mwaka 1925 na KNCU, chama cha ushirika cha kahawa, kuzaliwa 1933, unapata jibu la swali ambalo watani wanatuuliza kila siku, kwa nini Wachaga walisoma mapema. Akili zetu ni kama za watu wengine. Tulikuwa na kahawa, na tulikuwa na majirani wa dhehebu jingine.

Nirudi kwa walimu. Mwaka 1912 Walutheri walifungua chuo cha ualimu Marangu, na vijana waliopita pale wakatawanyika mitaani. Hawakukaa sana kabla vita haijafika. Machi 1916 Waingereza waliichukua Moshi, na mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa nchini. Fikirini hali hiyo: sharika zimebaki, shule zimebaki, mwenye ufunguo wa stoo ya vitabu ameondoka, na mshahara hauna anayeulipa. Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walifika 1922, wale wa Leipzig wakarudi 1925. Katikati hapo ni nani aliyegonga chuma asubuhi? Ni hao hao, waliokula kutoka kwenye kihamba chao na kufundisha watoto wa jirani. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939 Wajerumani wakawekwa kizuizini, na mzigo ukarudi mabegani mwao tena.

Serikali ya Waingereza ilipoanza kutoa ruzuku kwa shule za misheni, ruzuku ilikwenda kwa shule zilizotimiza masharti: mwalimu mwenye cheti, mtaala uliokubaliwa, ukaguzi. Shule zetu za chumba kimoja ziliitwa shule za porini na zikaachwa nje. Yaani katika daftari la fedha walimu wake hawakuwapo. Mbuyu ulianza kama mchicha, tunasema, lakini hakuna mkaguzi aliyepanda korongo kuhesabu mchicha.

Na bado humo ndimo walimotoka waliofika shule za kati, na wengine vyuoni, na wengine serikalini. Stefano Moshi wa Mamba, askofu aliyekuwa mkuu wa kwanza wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) baada ya kanisa hilo kuundwa 1963, alishika chaki kabla hajavaa kola. Wasichana ndio walioonewa. Wengi walitolewa mapema kwenda kukata majani ya ng'ombe. Ukimkuta bibi wa umri huo anayesoma Biblia yake mwenyewe, mwamkie mara mbili.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda haraka. Sheria ya elimu ya 1969 iliziweka shule za misheni chini ya serikali, Azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto aende shule, na madarasa yakajengwa kila kijiji. Baadhi ya vyumba vile vikakua vikawa shule za msingi kamili. Vingine, kama chetu, vikabakiziwa masufuria.

Msidhani hata hivyo kwamba shule za aina hiyo zimekwisha. Nendeni Longido au Ngorongoro mkaone shule shikizi, shule ndogo zilizo chini ya shule mama iliyo mbali. Wazazi wamechoka kuona mtoto wa miaka sita anatembea mbugani kufika shule mama, wanasimamisha chumba, wanamtafuta kijana aliyemaliza kidato cha nne ajitolee, madarasa mawili matatu yanakaa humo yakipeana migongo. Mwaka 2021, katika fedha za UVIKO-19, serikali ilipanga madarasa 3,000 kwa ajili ya shule shikizi peke yake, na nilifurahi kuliko nilivyofurahia barabara yoyote. Safari hii kuna mtu aliyewaandika.

Sasa habari ya nyumbani. Kamati ya ujenzi ya mtaa imetangaza kwamba stoo itabomolewa kupisha ukumbi. Mimi ukumbi nautaka. Tumeoza kwa mvua kwenye harusi za watoto wetu, na turubai lile mnalijua. Ila nimewaomba wanakamati, na nawaomba ninyi wenye michango mikubwa mniunge mkono, kwamba ukuta wa ubao ubaki, uwe ukuta wa ndani wa ukumbi mpya, upakwe weusi tena, na majina ya walimu yaandikwe hapo kwa mpangilio wa miaka. Fundi amesema inawezekana mradi msingi uimarishwe. Mwenyekiti amesema tulete majina kwanza, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu wasajili wa nyakati hizo walisajili ubatizo na ndoa, mwalimu hawakumsajili.

Kwa hiyo Krismasi hii, mkishakula na kabla usingizi haujawachukua, muulizeni babu na bibi. Nani aliwafundisha a, e, i, o, u? Alikuwa wa ukoo gani? Alianza kabla ya nzige kuvamia au baada ya nzige? Wazee wetu wanahesabu hivyo, msiwalazimishe miaka. Warekodini kwenye simu. Wakianza kuimba hesabu zao msiwakatishe. Na kama babu yako ni wa ng'ambo ya korongo, alisoma kwa wenzetu wa rozari, lete na jina la katekista wake. Ukuta ni mpana.

Tutakutana tarehe 26, baada ya ibada na mnada. Mkungu wa ndizi wa mwaka jana uligombaniwa mpaka ukafika bei ya mbuzi, kwa hiyo njooni na pesa. Viti tutavitoa nje, waliosoma humo watakaa mbele, na vijana wa tarumbeta wameshaahidi kuja. Mwenye picha ya zamani aje nayo, tutaipiga nakala tumrudishie hapo hapo. Mliobaki mbali tumeni sauti kwenye kundi la ukoo kabla ya siku hiyo, tutazichezesha kwa spika.

Krismasi njema, na heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Madereva, taratibu kwenye mteremko wa Himo.