Mzee anayesahau haambiwi tu "chunga", nyumba yake inatengenezwa

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee kuhusu wazee wetu wanaoanguka, na haswa wale ambao kumbukumbu imeanza kupotea, juu naona wengi hapa Nairobi wanavunjika nyonga na hakuna mtu anashtuka. Watu wakisikia cucu (nyanya) wa fulani ameanguka wanasema pole, ni uzee, stori inaisha hapo. Mimi nakataa. Sababu ziko, na nyingi ziko ndani ya nyumba ama ndani ya ile mifuko ya dawa, na zingine unaeza kuziondoa leo jioni bila kutumia hata shilingi.

Kazi yangu ni kulea wazee nyumbani kwao. Nimefanya Umoja, Buruburu, Donholm, South B, nyumba za wenye uwezo na za watu wa kawaida, na karibu kila mahali nakuta familia inategemea mdomo tu. "Mama chunga hapo." "Mzee usisimame mpaka tuje." "Si tulikwambia usiende bafu peke yako?" Sasa mtu mwenye dimensia, yaani ule ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, hayo maneno hayakai. Hata akiitikia vizuri, hata akicheka na kukwambia sawa mwanangu, baada ya dakika chache ni kama hukusema, na haja ikimshika atainuka vile ameinuka maisha yake yote. Si ukaidi. Inaniuma sana nikiona mzee anafokewa mbele ya wageni kwa sababu amesahau kitu ambacho ugonjwa wenyewe ndio umemnyima.

Shirika la Afya Duniani linasema kuanguka kunaua watu karibu 684,000 kila mwaka, zaidi ya asilimia 80 wakiwa kwa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu, na wanaokufa zaidi ni wa miaka 60 kwenda juu. Na mzee mwenye shida ya kumbukumbu huanguka karibu mara mbili ya mwenzake wa umri ule ule ambaye akili iko sawa.

Kwa nini? Kwa sababu kutembea si kazi ya miguu peke yake, kichwa ndio kinapima ngazi iko mbali kiasi gani, sakafu imeisha wapi, mguu uinuke kiasi gani, na kichwa kikichoka kinashindwa kufanya kazi mbili pamoja. Mwaka wa 1997 watafiti wa Sweden walitoa kitu rahisi kabisa, waliona mzee ambaye ukimwongelesha akitembea lazima asimame kwanza ndio akujibu, huyo ndiye yuko kwa hatari zaidi ya kuanguka. Tangu nijue hivyo nimekuwa mkali sana kwa ngazi. Huku kwetu kwa ploti watu wana heshima, mtu akimwona cucu anapanda anamwita kwa sauti kutoka chini, "Cucu! Umeshindaje!", na cucu naye kwa sababu ni mtu wa watu anageuka amsalimie, mguu mmoja uko hewani. Salamu zingoje afike juu. Wewe mwenyewe ukimshika mkono kwa ngazi nyamaza, ama sema kitu kimoja tu, "ngazi", "ngazi", "tumefika".

Lakini mahali nataka kukaa sana ni bafu, juu hapo ndipo mambo huharibikia. Nyumba nyingi za kukodi hapa unazijua vile ziko, shower iko juu ya choo, nafasi ni ya kugeuka tu, taili ni zile za kung'aa ambazo zikipata maji na sabuni hata kijana anateleza, halafu mlangoni kuna kikingo cha kuzuia maji ambacho lazima uinue mguu kukivuka. Ongeza na mgao wa maji, kila mtu amejaza jerikeni na ndoo, na zimepangwa wapi? Kwa korido, njia ile ile mzee anapitia saa nane usiku. Kwanza toa hizo jerikeni. Zipange jikoni, zipange chini ya meza, popote isipokuwa kati ya kitanda na choo.

Halafu angalia mzee anashika nini akikaa na akisimama kwa choo. Utaona anashika sinki, ama pazia, ama kitasa cha mlango ambao unafunguka naye. Anahitaji chuma cha kushika. Fundi wa kuweldi wa mtaani anakukatia kipande cha bomba, anaweka vikalio viwili vya kufungia, na kinafungwa kwa ukuta na boliti za ukutani, usikubali misumari, na ukuta ukiwa ni mwepesi mwambie fundi atafute mahali pagumu. Kabla mzee akiguse, kishike wewe ukivute na uzito wako wote. Na ukipake rangi! Hii ndio watu hawajui. Macho yanaona lakini ubongo hautenganishi tena vitu vya rangi moja, kwa hivyo chuma cheupe kwa ukuta mweupe kwake ni kama hakipo, na choo cheupe kwa taili nyeupe pia anakikosa, anakaa pembeni, anaenda chini. Chuma kiwe chekundu ama bluu iliyokolea, na kifuniko cha kukalia choo nunua cha rangi.

Mambo ya rangi yana upande mwingine. Kuna mzee mmoja nilimlea, mwalimu mstaafu, alikuwa akifika mlango wa sebule anasimama, anashika fremu, anainua mguu juu sana kama anaruka mtaro, na mara nyingine alitua vibaya. Familia ilisema akili imeruka. Hapo chini kulikuwa na mat nyeusi. Kwa mtu kama yeye doa jeusi sakafuni linaonekana shimo, na taili zenye mng'aro zinaonekana maji. Tulitoa mat, akaanza kupita kama mtu yeyote. Mat nyingi ni za kutoa tu, hata zile nzuri mlizoletewa na binti wa Dubai.

Usiku acha taa ya korido ikiwaka, na kwa vile stima zetu tunazijua, weka zile balbu za kuchaji ambazo zinabaki zikiwaka stima ikipotea. Mpeleke choo kabla alale na umwamshe saa ile huwa anaamka, usingoje ajipeleke. Viatu, patipati zitupwe na asitembee na soksi kwa taili, mtafutie kiatu chepesi kilichofunga nyuma chenye soli haitelezi, Gikomba viko vingi.

Sasa dawa, na hapa naomba wasomaji wanisikize vizuri. Kuna tabia imeenea ya kumpa mzee Piriton, ile dawa ya mafua na mzio, ndio alale, juu anasumbua usiku, na kwa kemisti unauziwa bila swali. Hiyo dawa na zingine za aina yake zinamchanganya zaidi mtu mwenye dimensia na kumfanya apepesuke, na bado ataamka aende choo, tofauti ni kwamba sasa anaenda akiwa mlevi. Dawa za usingizi zenyewe ni vile vile, na zile za kutuliza watu wa fujo, na baadhi ya dawa kali za maumivu. Sisemi mtu aamke kesho aache dawa za mzazi wake, zingine ukizikata ghafla ni hatari. Nasema chukua mfuko mmoja, weka kila kitu anameza, za presha, za sukari, za hospitali, za kemisti, hadi za mitishamba, upeleke kwa daktari umuulize moja moja, hii ni ya nini, bado anaihitaji, inaweza kumwangusha?

Na presha ipimwe akiwa amelala halafu akisimama. Wengi hupimwa wakiwa wamekaa, namba inatoka poa, wanarudi nyumbani. Lakini kuna wazee ambao wakisimama tu presha inashuka, na ikishuka kwa 20 ama zaidi ile namba ya juu ndani ya dakika tatu hiyo ni shida inayojulikana, huyo ndiye unamwona anainuka kitandani anazunguka anaanguka. Saa nyingine dawa ya presha ndio imezidi, saa nyingine ni maji hanywi, na mtu mwenye dimensia husahau kiu, kwa hivyo mpe kikombe mkononi na ukae hapo mpaka amalize.

Kuna jambo lingine naliandika kwa uzito. Kuna wazee wanafungwa na leso kwa kiti ndio wasianguke, ama wanafungiwa chumbani mchana kutwa. Najua wanaofanya hivyo si wanyama, ni mtu anatoka asubuhi kutafuta unga na hana wa kumwachia mzazi, na dada wa kazi ana mtoto mgongoni na nguo za kufua. Lakini kufunga hakuzuii. Anapigana na ile leso anaanguka pamoja na kiti, na zile siku anakaa tu misuli inaisha, akija kusimama miguu haiko. Kinyume chake ndio kinasaidia. Finland walichukua wagonjwa wa Alzheimer, aina moja ya dimensia, wanaoishi na wake ama waume zao, wakawafanyisha mazoezi nyumbani mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima, na wakaanguka mara chache kuliko wale ambao hawakufanya, matokeo yalitoka mwaka wa 2013. Si kila utafiti umeleta habari nzuri hivyo, kule Newcastle, Uingereza, mwaka wa 2003 walijaribu mambo mengi pamoja kwa wagonjwa kama hawa na kuanguka hakukupungua, kwa hivyo nisimdanganye mtu kwamba ukifanya haya yote mzee hataanguka tena. Lakini kusimama na kukaa kwa kiti kigumu mara kadhaa, akishikwa, kila asubuhi kabla ya chai, hiyo haina gharama na mimi nimeona miguu ikirudi.

Lawama yote nayo siwezi kuweka kwa familia. Kuna mzee nilimpeleka hospitali moja hapa mjini baada ya kuanguka. Alipigwa eksrei ya mkono, akafungwa plasta, akaandikiwa dawa ya maumivu, tukaambiwa nendeni. Hakuna aliyeuliza alianguka vipi. Hakuna aliyempima presha akisimama wala kuangalia dawa anazomeza. Haikupita muda mrefu tukarudi, saa hii ikiwa ni nyonga. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 kuhusu kuanguka una maswali matatu tu ya kuanzia: umeanguka mwaka huu uliopita? Unajihisi huna uthabiti ukisimama ama ukitembea? Una wasiwasi wa kuanguka? Na mgonjwa akiwa wa kusahau, ulizeni anayemlea pia, juu mwenyewe atasema hajawahi anguka.

Serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mwezi wa Septemba 2023 na mikoba yao ina mashine ya presha. Wanapita kwa ploti zetu, wanajua nani ana mimba na nani ana mtoto hajachanjwa. Waongezewe hayo maswali matatu na kipimo cha kusimama, wafundishwe kuangalia bafu na korido. Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema mzee ana haki ya kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kwa serikali, zote mbili. Ile shilingi 2,000 ya Inua Jamii, pesa za serikali za kusaidia wazee, kwa mwezi ni ya wa miaka 70 kwenda juu na inaishia kwa unga, haiwezi kufunga chuma bafuni. Na wenye ploti, tafadhali, ngazi bila chuma cha kushika na balbu imeungua tangu mwaka jana, kodi bado mnachukua tarehe tano.

La mwisho, mtu akisoma hili peke yake nimeshukuru. Mzee akianguka usimvute juu haraka, muulize wapi panauma, angalia kama mguu mmoja umekuwa mfupi ama umegeuka nje, ikiwa hivyo usimsimamishe, tafuta usaidizi. Na kama amegonga kichwa usiridhike kwa sababu ameamka akanywa chai. Kwa wazee damu inaweza kuvuja polepole ndani ya kichwa na dalili zije baada ya siku ama hata wiki kadhaa, haswa kama anameza dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Akianza kulala sana, kulalamika kichwa, mguu ama mkono wa upande mmoja kulegea, ama kuchanganyikiwa ghafla kuliko ilivyokuwa, watu watakwambia ni ule ugonjwa wake umezidi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na umwambie daktari kabla hajauliza: alianguka.

Mlezi wa wazee,
Umoja, Nairobi