Wa Disemba, mafuta ya kurudia yako wapi?

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Kila Disemba ndugu zetu wanapanda Moshi na familia nzima kwenye gari, raha tupu, ila ikifika Januari simu zinaanza, kaka nisaidie hela ya mafuta ya kurudia, sasa jamani safari si ina kwenda na kurudi?

Hesabu yenyewe wala sio ngumu. Dar mpaka hapa ni kama kilometa 560, gari ikila lita moja kwa kilometa 10 ni lita 56, kwenda na kurudi 112, tukiweka bei ya mfano 3,000 ni laki tatu na 36 elfu. Ila hiyo kilometa 10 usiipokee kwa aliyekuuzia gari, jaza tenki mpaka juu, andika kilometa, tembea siku kadhaa, jaza tena uone zimeingia lita ngapi. Na ipime ikiwa na mzigo, maana gari yenye watu sita, AC na keria juu imejaa ndizi haili kama ya kwenda ofisini. Kuna na mizunguko ya Marangu na Rombo kusalimia, hiyo hakuna anayeihesabu kabisa.

EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo za mafuta, yaani bei ambayo kituo hakiruhusiwi kuizidi, Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kila mji una yake. Mhariri, mkiziandika tuwekeeni na Same, Korogwe na Chalinze, sio Dar tu, mtu ajue ajazie wapi.

Mkazi wa Moshi