Mjomba, vidonge vyako vya presha havikutaka kukuua

Shikamoo Mjomba,

Juzi msibani ulianza tena ile hadithi, watu wamekuzunguka na vikombe vya kahawa: eti Julai 2021 si Korona iliyokulaza, ni dawa za presha. Na ushahidi wako ni kwamba hata daktari wodini alizisimamisha. Sikukujibu pale. Mpwa hamkatizi mjomba wake mbele za watu. Lakini kati ya waliokuwa wakitikisa kichwa, wawili nawajua wanameza losatani, dawa ya presha kama yako, kila siku, ndiyo maana naandika hadharani.

Usiku ule tulipokufikisha, kile kimashine cha kidoleni cha kupima oksijeni kilisoma 84, na presha 190 kwa 112. Nesi akauliza unatumia dawa gani. Nikafungua lile kopo lako la maziwa: pakiti tatu za losatani, vidonge viwili tu vimetobolewa. Ulikuwa umeacha karibu mwezi mzima, tangu ulipotumiwa ile sauti ya WhatsApp iliyodai dawa hizi zinaifungulia Korona mlango. Dawa iliyolala koponi inamuuaje mtu?

Wodini walikurudishia. Siku ya nne presha ikaporomoka hadi 92 kwa 58, mkojo ukawa haba, vipimo vya damu vikaonyesha figo zimeelemewa. Hapo ndipo daktari akasema dawa isubiri. Mgonjwa ambaye presha yake iko chini hapewi dawa ya kuishusha, hasa figo zikiwa zinayumba. Zilipotulia ukarudishiwa, na uliruhusiwa ukiwa unaimeza. Sehemu hiyo ya hadithi huwa unairuka, Mjomba.

Najua utasema lisemwalo lipo. Na kweli lilikuwapo. Mwanzoni mwa 2020 wataalamu wenyewe waliingiwa na hofu, kwa sababu kirusi hiki huingia kwenye seli kwa kushika protini iitwayo ACE2, na majaribio ya wanyama yalikuwa yameonyesha kwamba dawa za jamii ya losatani na enalaprili huenda zikaiongeza. Ilikuwa hofu ya haki. Basi Brazili wakaipima: wagonjwa 659 waliolazwa kwa Korona na waliokuwa wakitumia dawa hizo, wakagawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakaendelea, nusu wakaacha kwa siku 30. Walioacha hawakupata nafuu yoyote ya ziada. Matokeo yalichapishwa Januari 2021. Sauti yako ya WhatsApp ilikuja miezi kadhaa baadaye, habari ikiwa imeshachacha.

Presha yenyewe sasa. Katika wagonjwa 5700 wa mwanzo waliolazwa New York na vitongoji vyake, zaidi ya nusu walikuwa nayo. Takwimu hiyo ilitisha watu, ila wengi wao walikuwa wazee, wengine wana kisukari, na ukishatenganisha umri na magonjwa mengine, mzigo wa presha peke yake unapungua. Kinachobaki ni uharibifu wake wa kimya kimya: msuli wa moyo ulionenepa, vimishipa vya figo vilivyokakamaa. Mapafu yakijaa na oksijeni ikishuka, viungo hivyo havina akiba. Utafiti wa nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwamo, ulifuatilia wagonjwa mahututi 3077 wa Korona. Karibu nusu walifariki, na wenye ugonjwa wa figo walikuwa kwenye hatari zaidi. Figo zako nani alianza kuzichosha, losatani au miaka 15 ya presha unayoitibu ukijisikia?

Jumamosi nakuja na mashine. Kahawa uiache mpaka tumalize, nikukute umekaa, miguu chini, tupumzike dakika tano kisha tupime mara mbili. Na lile kopo usihangaike kulihamisha. Mama ameshaniambia liko nyuma ya redio.

Mpwa wako